Si Kila "Den" Ni Pango: Kwa Wafasiri Wanaoanza Kazi

Wiki hii nimepitia rasimu tatu za wafasiri wanaoanza kazi, na zote tatu zimejikwaa mahali pamoja, kwenye neno la Kiingereza lenye herufi tatu tu. Rasimu ya kwanza ilihusu fisi, na watoto wa fisi walikuwa wakichungulia "pangoni" katikati ya mbuga tambarare isiyo na hata jiwe la kukalia. Ya pili ilikuwa tangazo la nyumba iliyoko Marekani, yenye "vyumba vitatu vya kulala na pango". Ya tatu ilihusu skauti wadogo, na mama mmoja mpole anayewafundisha watoto kufunga mafundo ya kamba alikuwa amepewa cheo cha "mama wa pangoni". Neno lenyewe ni "den", na wote watatu walilifasiri kwa kisawe kimoja bila kusita, kwa sababu ndicho kisawe walichokikuta juu ya orodha.

Ndugu zangu wapya, mnajua kwamba nawapenda, na mnajua pia kwamba uvumilivu wangu una mpaka. Maoni haya nimekwisha kuyaandika pembeni mwa rasimu mara nyingi mno, kwa maneno yale yale, kwa watu tofauti. Leo nayaandika mara moja kwa wote, na humo ndani nitaeleza kosa langu mwenyewe ambalo sijawahi kulieleza kwa ukamilifu, kwa kuwa naona sasa kwamba kulificha hakujamsaidia mtu.

1. Kisawe cha kwanza katika kamusi ni pendekezo. Mtunzi wa kamusi hakuiona matini uliyo nayo mkononi.

Hilo mmeshaambiwa darasani. Mnalolisahau ni jinsi programu ya tafsiri inavyolikuza kosa. Ukishaithibitisha sehemu moja yenye "pango", kumbukumbu ya tafsiri, yaani hazina ya sentensi zilizokwisha kufasiriwa, italeta "pango" hilo hilo katika kila sehemu inayofanana na ile, likiwa na rangi ya jambo lililokwisha kukubaliwa, na mhakiki atakayekuja nyuma yako ataiona rangi kabla hajaliona neno. Kosa la sekunde moja linaenea kurasa arobaini, na kadiri linavyorudiwa ndivyo linavyozidi kuonekana kuwa istilahi.

2. Ijueni asili ya neno, hata kama mteja hakulipii kazi hiyo.

Si kwamba asili ndiyo inayoamua maana ya leo. Mtu akiwaambia hivyo msimsikilize. Asili inasaidia kwa namna nyingine: inaonyesha neno lilianza likitazama upande gani wa kitu. "Den" katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "denn", na tangu huko lilitaja mahali anapolala mnyama wa porini. Wanaisimu hulihusisha na "denu", neno la kale la bonde, na ndugu zake katika lugha jirani huelekea huko huko: "denne" katika Kijerumani cha kaskazini cha Zama za Kati lilikuwa ardhi ya chini au bonde lenye miti, na "Tenne" katika Kijerumani cha leo ni sakafu ya kupuria nafaka. Ukoo huu wote unazungumzia ardhi iliyo chini, au mahali palipolala bapa. Hakuna mwamba humo, wala paa la jiwe.

Sasa watazameni jirani zake wa Kiingereza. "Lair", ambalo nalo mnalifasiri "pango" bila kufikiri, linatokana na "leger", yaani kulala au mahali pa kulala, na katika Kiingereza cha Kale liliweza kuwa kitanda na liliweza kuwa kaburi. Uskoti hadi leo hutumika kwa eneo la kaburi moja katika uwanja wa maziko. "Nest" limeundwa zamani sana, kabla hata Kiingereza hakijawa lugha, kwa vijenzi viwili, kimoja chenye maana ya "chini" na kingine chenye maana ya "kukaa". "Stable" limepitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini la mahali pa kusimama. "Kennel" limetokana na jina la Kilatini la mbwa. Mnaona mtindo wake? Maneno haya yanamtazama mnyama: ni nani, na analala, anakaa au anasimama.

Kiswahili kinatazama upande wa pili. Pango ni uwazi wenye kuta na paa ambao mtu anaweza kuingia akiwa ameinama au amesimama. Tundu ni uwazi mdogo, wenye mdomo unaoonekana, uwe ardhini, ukutani au mtini. Shimo limechimbwa na linakwenda chini. Mvungu ni nafasi iliyo chini ya kitu au ndani ya gogo lililooza katikati. Kichaka ni mimea iliyosongamana. Zizi, banda, kizimba na mzinga vimetengenezwa na mikono ya watu. Ukitamka neno lolote kati ya haya, umekwisha kumwonyesha msomaji umbo la mahali, hata kama hujamtaja mnyama. Ukitamka "den" hujamwonyesha umbo lolote. Umemwambia tu kwamba kuna kiumbe anayejistiri na kupumzika humo.

Hapa ndipo penye ugumu wote wa neno hili, na ninaomba mnielewe vizuri. Mfasiri wa "den" hawezi kufanya kazi yake kwa kulitazama neno. Ni lazima akajue mahali penyewe palivyo, kwa sababu Kiswahili kitamdai habari ambayo Kiingereza hakikuitoa.

3. Sasa nieleze kosa langu.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini, na tayari nilikuwa nikipewa kazi bila kupangiwa msimamizi, jambo lililonipa fahari. Nilipewa kufasiri mwongozo wa kufuatilia mbwa mwitu wakati wa kuzaa, pamoja na fomu ambazo wafuatiliaji wangezijaza porini. Mbwa mwitu kwa kawaida huzaa mara moja kwa mwaka. Jike huingia ardhini, huzaa watoto wanaoweza kufika kumi au zaidi, na kwa muda wa miezi mitatu hivi kundi zima, ambalo nyakati nyingine hutangatanga katika eneo kubwa mno, huwa limefungwa na mahali hapo pamoja. Wanakwenda kuwinda na kurudi, wakamtapikia nyama mama na watoto. Kwa mtafiti huo ndio wakati pekee katika mwaka mzima ambapo mnyama asiyetulia anatulia, na anaweza kuhesabiwa. Haya yote yalikuwa yameandikwa katika ukurasa wa pili wa mwongozo. Niliyafasiri vizuri, kwa sentensi ambazo hata leo nisingezibadilisha.

Kisha likaja neno "den". Nikaandika "pango". Nilikumbuka tundu, nalikiri hilo. Lilinipitia kichwani kwa nukta moja, nikaliacha kwa sababu lilionekana dogo, neno la panya na la kuku, lisilolingana na heshima ya mnyama adimu kiasi hicho. Nilichagua neno kwa sauti yake. Sikumuuliza mtu yeyote mbwa mwitu huzalia wapi.

Mbaya zaidi, matini yenyewe ilinionya. Katika ukurasa wa tano kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba "den" za mbwa mwitu mara nyingi huwa ni mashimo yaliyochimbwa na mhanga na kuachwa. Sentensi hiyo ilikuwa imebeba jibu lote. Mimi nikaifasiri hivi: "Mapango yao mara nyingi huwa katika mashimo yaliyoachwa na wahanga." Isomeni tena polepole. Pango lililo ndani ya shimo. Sikushtuka, kwa kuwa wakati huo "pango" lilikuwa limekwisha kuthibitishwa na programu ilikuwa ikilileta yenyewe, na mimi nilikuwa natafuta vitenzi tu.

Na si hilo tu. Mhanga ni mnyama yule mwenye pua ndefu anayechimba vichuguu usiku na kula mchwa, lakini mhanga pia ni mtu aliyepatwa na janga. Mhakiki wangu, mtu makini niliyemheshimu na ninayemheshimu bado, hakulijua jina la mnyama. Aliona "wahanga", akaona kwamba siku hizi tunapendelea neno jingine, akalisanifisha. Mwongozo ukachapishwa ukisema kwamba mapango ya mbwa mwitu huwa katika mashimo yaliyoachwa na waathirika. Sentensi moja, makosa mawili, na la pili lisingetokea kama la kwanza lisingekuwepo, kwa sababu kama ningaliandika "mashimo yaliyochimbwa na mnyama aitwaye mhanga", hakuna mhakiki duniani ambaye angeligusa.

Fomu zilikuwa na safu ya "idadi ya mapango yaliyokaguliwa" na safu ya "pango lina dalili za watoto: ndiyo au hapana". Wafuatiliaji wakazichukua wakaingia kazini. Wakapanda milima ya mawe. Kwa majuma wakawa wanakagua mapango halisi, yenye popo na pimbi, na safu ya pili ikajaa "hapana" kutoka juu hadi chini. Waliokuwa wakisoma takwimu upande wa pili wakaanza kuogopa kwamba mbwa mwitu wa eneo lile hawakuzaa mwaka ule.

Nilipata habari kwa simu. Aliyepiga alikuwa kiongozi wa wafuatiliaji, mzee aliyezoea kuzungumza taratibu, na namba yangu aliipewa kwa sababu jina langu lilikuwa nyuma ya mwongozo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Mwanangu, milima yote tumekwisha kuimaliza. Nimekuja kukuuliza, hayo mapango mnayoyatafuta ni ya mnyama gani?"

Nikamjibu kwamba ni ya mbwa mwitu.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mbwa mwitu hazalii pangoni. Anazalia shimoni, la mhanga, huku chini kwenye tambarare. Tunalijua lilipo. Tunapita karibu yake kila asubuhi tukienda mlimani."

Nimekuwa nikiisikia sentensi hiyo ya mwisho kwa miaka mingi. Walikuwa wanajua. Nikamuuliza kwa nini hawakuandika kwamba wameliona shimo, akaniambia bila hasira kwamba fomu haikuuliza mashimo. Walidhani watafiti wana sababu zao za kutaka mapango, labda wanatafuta mnyama mwingine asiyeandikwa, na si kazi ya mfuatiliaji kumfundisha mtafiti fomu yake. Walifuata maandishi yangu kwa uaminifu ambao maandishi yenyewe hayakuustahili.

Nikaomba siku moja, nikarekebisha kila sehemu kwa mkono bila kutumia amri ya kubadilisha yote, nikaandika "shimo la kuzalia" kwenye mwongozo na kwenye fomu, nikatuma. Lakini watoto wa mbwa mwitu hutoka ardhini wakiwa na majuma matatu au manne tu, na wakishapata nguvu kundi huondoka. Fomu mpya zilipofika, shimo lile la tambarare lilikuwa limebaki na nyayo na mifupa midogo. Hesabu ya mwaka ule haikupatikana. Ilibidi kusubiri mwaka mzima, kwa sababu mnyama hazai tena ili kumsaidia mfasiri.

Niliandika barua ya kuomba radhi kwa mradi, ikapokelewa kwa upole. Kwa mzee yule sikuandika, nilimpigia. Aliniambia jambo ambalo ndilo hasa nimeketi kuwaandikia: "Ungeuliza, tungekwambia." Hakuna kamusi iliyonikosesha. Waliokuwa na neno walikuwa upande wa pili wa simu tangu siku ya kwanza, na namba yao ilikuwa kwenye jalada la kazi.

4. Wafasiri wa zamani walikuwa makini kuliko tunavyowadhania.

Chukueni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Humo Danieli anatupwa katika "den" ya simba, na hekalu nalo, katika Yeremia 7:11 na tena katika Mathayo 21:13, linaitwa "den" ya wanyang'anyi. Neno moja kwa yote. Fungueni sasa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952. Danieli anatupwa katika tundu la simba, lakini hekalu ni pango la wanyang'anyi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea tofauti hiyo kama mfano wa kutokuwa na msimamo katika istilahi. Nilimwomba atazame nyuma ya Kiingereza. Katika Danieli neno la Kiaramu ni la shimo, na kisa chenyewe kinathibitisha: jiwe linawekwa juu ya mdomo wa tundu, na asubuhi Danieli anatolewa kwa kupandishwa juu. Katika Yeremia neno la Kiebrania ni lile lile la pango la Makpela alilolinunua Abrahamu ili kumzika Sara, na katika Mathayo neno la Kigiriki ni la pango pia. Kiingereza kilikuwa kimeziunganisha sehemu mbili zisizofanana, na Kiswahili kikazitenganisha tena.

Wapo watakaosema kwamba kwa Danieli "shimo" lingefaa zaidi kuliko "tundu", kwa kuwa tundu leo limepungua ukubwa masikioni mwetu. Mimi naliacha lilivyo. Limekwisha kuwa msemo wa watu, na mtu aliye "katika tundu la simba" anaeleweka na kila msomaji. Ukikutana na msemo huo katika hotuba au habari ya siasa, utumie kama ulivyo na usiuboreshe.

5. Kwa habari za wanyama, ulizeni kila mnyama kivyake.

Simba, licha ya umaarufu wa tundu lake, hana makao ya kudumu. Jike mwenye watoto wachanga huwaficha vichakani na kuwahamisha mara kwa mara, hivyo katika makala ya wanyama "den" yake itakuwa "maficho" au "kichaka alimowaficha". Dubu mweusi wa Amerika Kaskazini anaweza kulala majira yote ya baridi ndani ya mti wenye mvungu, chini ya mizizi, au katika shimo alilolichimba mwenyewe. Soma aya nzima kabla hujaamua. Na dubu wa ncha ya kaskazini ndiye atakayewarudishia pango lenu: jike mjamzito huchimba ndani ya theluji iliyorundikana chumba chenye kuta, paa na njia ya kuingilia, huingia humo mwanzoni mwa majira ya baridi, huzaa katikati yake na kutoka na watoto mwezi Machi au Aprili. Hapo "pango la theluji" ni sahihi kabisa, na nitalitetea mbele ya mhakiki yeyote. Silipigi vita neno pango. Nataka lije pale lilipo.

Likitumika kama kitenzi, mnyama ameingia kujistiri au kuzaa. Andikeni hivyo hivyo, kwa kitenzi cha kawaida; msiunde nomino mpya.

6. "Den" ya binadamu haina uhusiano na ardhi tena.

Tangu karne ya 18, na kuna ushahidi wa maandishi wa mwaka 1771, Waingereza wamekuwa wakiliita "den" chumba kidogo ambacho mtu hujitenga humo kusoma au kufanya shughuli zake. Marekani limekuwa chumba cha mapumziko cha familia, chenye televisheni na makochi yaliyochakaa kidogo, na katika matangazo ya nyumba linaweza kuwa chumba cha ziada tu kisichohesabiwa kuwa cha kulala. Andikeni "chumba cha mapumziko" au "chumba kidogo cha faragha" kwa kufuata ramani ya nyumba. Na kwa jina la haki, msiandike "pango" katika tangazo la nyumba, kwa kuwa lugha yetu ina pango jingine, lile linalotokana na kupanga, ambalo tunalilipia kodi kila mwezi. Kijana wangu aliyeandika "vyumba vitatu vya kulala na pango" alimfanya msomaji aulize pango hilo ni kiasi gani, na msomaji hakuwa na kosa.

Watoto wa Uingereza nao hujenga "den" kwa matawi ya miti, au kwa shuka iliyotandikwa juu ya viti viwili. Hicho ni kibanda cha kuchezea. Kila mtoto amewahi kukijenga, kwa hiyo hapa mna bahati: fumbeni macho mkumbuke mlikiita nini.

Kwa skauti wadogo wa Marekani, chama kilichoanza mwaka 1930, "den" ni kikundi kidogo cha watoto ndani ya kundi kubwa zaidi. Majina yao yametokana na mbwa mwitu wa aina nyingine, yule ambaye Kiingereza humwita "wolf": kundi la mbwa mwitu, na ndani yake familia za makao mbalimbali. Umbo la mahali limekwisha kabisa hapo, wamebaki watu. Basi "kikundi" kinatosha, na yule mama mpole ni "kiongozi wa kikundi" au, ukitaka kuhifadhi joto la asili, "mama mlezi wa kikundi". Tafadhali mtoeni pangoni.

Upande wa uovu unahitaji mkono mwepesi. Kiingereza kikisema "den" ya kasumba au ya kamari, kinafanya mambo mawili: kinataja mahali, na kinawashusha waliomo wakawa kama wanyama waliojificha. Kiswahili kinaweza kufuata kwa "pango la", kwa sababu Yeremia ametuzoesha, lakini si lazima kila mara. Katika taarifa ya mahakama, ambapo mwandishi hakukusudia kumtukana mtu, andikeni "nyumba ya kuchezea kamari" mkamwachia hakimu hukumu yake. Katika mahubiri, pango liachwe lingurume. Lililo baya ni kumwongezea mwandishi dharau ambayo hakuwa nayo, au kumnyang'anya ile aliyokuwa nayo. Na msilete "kijiwe" hapa ili kuonekana wa kisasa. Kijiweni watu wanaonekana na kila apitaye, ilhali "den" yote, tangu ya mnyama, ni ya kujificha.

7. Majina ya mahali yaacheni.

Nililiandika hili kwa sababu mmoja wenu, ambaye bidii yake inanifurahisha kweli, aliongeza tanbihi chini ya ukurasa akieleza kwamba mji wa Tenterden nchini Uingereza una maana ya pango. Tanbihi hiyo niliifuta, lakini nikakaa naye tukaizungumza, kwa maana ilikuwa karibu na jambo zuri. Katika misitu ya Weald, upande wa Kent, "denn" la kale lilikuwa malisho ya nguruwe ndani ya msitu. Wenyeji wa sehemu za wazi waliwapeleka nguruwe wao huko wakati wa vuli, wakale mbegu zilizoanguka kutoka kwenye mialoni. Tenterden ni malisho ya watu wa Thanet, na jirani zake Biddenden, Benenden na Rolvenden zina mwisho ule ule wa malisho. Lakini Marsden na Saffron Walden, zinazofanana nayo kwa macho, zimetoka kwa "denu", yaani bonde. Majina mawili yenye mkia mmoja, na maana mbili, na hakuna pango hata moja kati yake. Kijana huyo aliniuliza atajuaje lipi ni lipi. Nilimwambia kwamba wanaochunguza majina hurudi kwenye hati za zamani wakatazame lilivyoandikwa mwanzo, na lilivyo eneo lenyewe. Alitikisa kichwa akasema, "Kwa hiyo hata wao inabidi waende wakaone." Nilifurahi sana siku hiyo.

Katika hazina yetu ya istilahi nimekifuta kisawe kilichokuwa mbele ya kidahizo "den". Mahali pake nimeandika maswali matatu: ni nani aliyemo, anafanya nini humo, na mahali penyewe pameumbwaje. Programu italalamika kwamba safu ya kisawe iko tupu. Iacheni ilalamike.

Rasimu ya fisi imerudi jana jioni. Mwandishi wake hakubadilisha neno moja tu. Alikuwa amempigia simu mtu anayefanya kazi na fisi, na akaniandikia maelezo marefu pembeni kwa furaha ambayo niliiona hata katika alama zake za mshangao. Alikuwa ameambiwa kwamba fisi madoa mara nyingi huanzia kwenye shimo la mnyama mwingine, kisha watoto wenyewe huchimba kwa ndani vijia vyembamba ambavyo hata mama yao hawezi kupita, hivyo mama husimama mdomoni na kuwaita watoke wanyonye. Sentensi yake sasa inasomeka hivi: "Mama alifika shimoni, akainamisha kichwa na kuita, na watoto wakatoka mmoja mmoja kwenye vijia walivyovichimba wenyewe." Nimeithibitisha bila kugusa herufi.